Kwa Nini Hakushuka?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya shule, pembezoni mwa Dar es Salaam. Barabara ya njia mbili, lami safi, zebra iliyofifia mbele ya shule ya msingi. Gari dogo limesimama. Nyuma yake daladala inapiga honi. Kwenye vumbi la pembeni anachomoza mtoto wa miaka kama 9 juu ya Phoenix ya mtu mzima: mguu wa kulia umepita chini ya bomba la juu la fremu, baiskeli imelalia upande huu na mwili upande ule, begi linampiga mgongoni. Hapunguzi. Anaikata zebra akiwa juu ya baiskeli, na bodaboda inayolipita lile gari kwa kulia inamkosakosa.

Hakuna aliyeumia. Mtoto hata hakugeuza shingo.

Ukisimama mahali kama hapo wiki moja ya shule, utayaona haya tena na tena. Na kila mara anayeshuhudia husema neno lile lile, awe ameumia mtu au hajaumia: "Na yeye kwa nini hakushuka?"

Swali hilo limenikwama wiki kadhaa kama mwiba wa samaki. Lingekuwa la kijinga ningelimeza. Tatizo ni kwamba nusu yake ni kweli.

## Hatua moja ya mguu

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Inamtaka dereva ampishe mwenda kwa miguu aliye kwenye kivuko. Neno ni hilo, mwenda kwa miguu. Mtoto aliye juu ya baiskeli anaendesha chombo. Kundi lake ni la dereva wa daladala, wala si la mama mwenye ndoo anayevuka hatua mbili mbele yake. Akishuka na kuikokota, amekuwa mwenda kwa miguu. Hatua moja ya mguu, na haki yote imehama.

Wengine wameliandika hilo waziwazi. Kanuni za barabarani za Uingereza zinamwambia mwendesha baiskeli asipite kwenye zebra akiwa juu yake, ashuke, akokote. Ujerumani, mtoto hadi umri wa miaka 8 hulazimika kuendesha kwenye njia ya waenda kwa miguu, na akitaka kuvuka barabara lazima ashuke.

Kwa hiyo anayeuliza ana sheria mkononi. Lakini mtazame anayeulizwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Dola yenyewe imekiri kwamba huyu wa miaka 9 hajafikia akili ya kubebeshwa kosa. Kisha tunamweka ukingoni mwa lami, gari likija, na kumtaka atofautishe makundi mawili ya watumiaji wa barabara ambayo watu wazima wengi hawajui hata kama yapo.

## Sekunde tatu na nusu

Tuiache sheria kidogo, tushike kalamu.

Gari la kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo spidi ya juu inayoruhusiwa maeneo ya makazi, linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva wa kawaida, mwenye mawazo yake na abiria wake, huchukua kama sekunde 1.5 kuona, kuelewa na kufikisha mguu kwenye breki. Muda huo gari limeshakula mita 21 bila kupungua hata kidogo. Breki zikishika kwenye lami kavu, kwa tairi zenye meno, linahitaji mita nyingine 14 hivi. Jumla ni mita 35, na sekunde kama 3.5. Mvua ikinyesha, au tairi zikiwa zimekwisha, sehemu ile ya breki inafika mita 24, na jumla inakuwa 45.

Sasa literemshe hadi 30. Mita 12 na nusu za kutambua, mita 5 za breki. Jumla, 17 na nusu.

Rudia kuzisoma namba hizo ukiwa na picha ya barabara kichwani. Magari mawili yanakwenda sambamba, moja 30, jingine 50. Mtoto anatokea mita 18 mbele yao. La 30 linasimama kabla ya kumfikia. La 50 linapofika alipo mtoto, dereva wake bado hajagusa breki. Linamgonga likiwa na 50 yake kamili.

Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililoungwa mkono na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Agosti mwaka huo huo, lilitaja 30 kuwa kikomo pale ambapo watu na magari hukutana mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya 2023, limeweka ajali za barabarani kuwa muuaji wa kwanza wa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kwa 30, hesabu ya hapo juu inafunga. Kwa 50 haifungi, hata dereva awe mcha Mungu kiasi gani.

## Eneo la kutafuta

Hapa ndipo baiskeli inapoingia, na ndipo nilipoanza kuona kwamba "ashuke" ina maana nyingine kabisa tofauti na ile ya sheria.

Mtoto anayetembea huenda kama mita 1.2 kwa sekunde. Katika zile sekunde 3.5 ambazo gari la 50 linahitaji kusimama, atakuwa ametembea mita 4 na kidogo. Maana yake, dereva anayekaribia zebra akipepesa macho mita 4 au 5 kila upande wa kivuko, amewaona karibu wote wanaoweza kuingia mbele yake. Madereva wengi wazuri hufanya hivyo bila kufikiri. Wanatazama ukingo, hawaoni mtu, wanaendelea.

Mtoto wa baiskeli anayekwenda kilomita 12 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa, hufanya mita 3.3 kwa sekunde. Katika muda ule ule atakuwa ametoka mita 12 mbali.

Mita 12 ni nyuma ya kibanda cha chipsi. Ni ndani ya kichochoro. Ni upande wa pili wa lori lililoegeshwa.

Dereva aliangalia, hakuona mtu, na hakusema uongo. Alitafuta mahali ambapo waenda kwa miguu hukaa. Mtoto alitokea mahali ambapo hakuna anayetazama, na akishaingia lami anaikata njia moja ya mita 3.25 kwa sekunde moja tu, wakati mtembeaji angehitaji karibu sekunde 3. Kwa hiyo anaonekana akiwa amechelewa, na anaonekana kwa muda mfupi.

Kuna na la nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele. Magari yetu yana usukani kulia, na nguzo ya kulia iko karibu na uso wa dereva, hivyo inaziba kipande kikubwa cha anachotakiwa kuona. Vyombo viwili vinavyoelekea kugongana hubaki kwenye pembe ile ile kimoja kwa kingine hadi mwisho. Mtoto anayekuja kutoka kulia kwa mwendo unaolingana na wa gari anaweza kukaa nyuma ya nguzo hiyo safari yake yote. Dawa ni ya bure: sogeza kichwa mbele na nyuma unapokaribia zebra. Watazamaji watadhani una muziki.

## Anachokiona mtoto

Wazazi wengi hudhani mtoto akiangalia, ameona.

Mwaka 2011 watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walionyesha kwamba watoto wa shule ya msingi hawawezi kutambua kwa uhakika kwamba gari linawajia likiwa na spidi inayozidi kilomita 30 hivi kwa saa. Sababu iko kwenye jicho na ubongo. Tunajua kitu kinatujia kwa sababu picha yake inatanuka. Gari lililo mbali na lenye kasi hutanuka polepole sana mwanzoni, na jicho la mtoto halijakomaa kukamata utanukaji huo mdogo. Kwake gari limesimama. Tena hatari inageuka kichwa chini miguu juu: kadiri gari linavyokwenda kasi, ndivyo linavyoonekana kama haliji.

Wa baiskeli wana lao. Jodie Plumert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 2004 waliwaweka watoto wa miaka 10 na 12, na watu wazima, kwenye baiskeli iliyofungwa mbele ya skrini zenye barabara ya bandia. Watoto walichagua nafasi kati ya magari zenye ukubwa ule ule waliouchagua watu wazima. Jicho lao la kupima nafasi lilikuwa sawa. Walichokosa ni kuanza. Walichelewa kuondoka, na walichukua muda zaidi kuvuka, hivyo walipofika ng'ambo gari lilikuwa karibu nao kuliko lilivyokuwa kwa watu wazima.

Matokeo hayo yanaeleza jambo ambalo kila fundi baiskeli analijua kwa macho: kuiondoa baiskeli iliyosimama ni kazi. Pedeli lazima iwe juu, mguu upate pa kusukumia, usukani unayumba mzunguko wa kwanza. Mtoto anaiona nafasi, anaamua, kisha anahangaika na pedeli. Uamuzi wake ulikuwa wa sekunde mbili zilizopita.

Na hapo utaona kwa nini anayejua hivyo kwa uzoefu wake hasimami kabisa. Akisimama, nafasi inampita. Akiingia na mwendo wake, anavuka kwa sekunde 2. Kwa hesabu ya kichwani mwake, kutosimama ndiyo salama.

## Gari lililosimama

Kilichokuwa kinamsubiri yule mtoto wa Phoenix hakikuwa gari lililosimama. Kilikuwa bodaboda.

Hii ndiyo sura mbaya kuliko zote za zebra, na kwenye barabara ya njia mbili kila upande ndiyo inayoua. Gari la kwanza linasimama kwa nia njema. Mwili wake unamficha mtoto. Aliye nyuma au kando haoni zebra, anaona gari lililosimama tu, na barabara za mijini zimejaa magari yaliyosimama kwa sababu mia: abiria, kukosea njia, simu. Analipita. Kila aliyepita shule ya udereva anajua kwamba kulipita gari lililosimama kwenye zebra ni kosa, lakini huyu hana habari kwamba yuko kwenye zebra, hasa ikiwa rangi imefifia.

Aliyesimama anaweza kufanya nini? Mengi kuliko anavyodhani.

Asimame nyuma. Kusimama bampa likigusa mistari kunaziba kila kitu. Ukisimama mita 6 hadi 9 kabla ya mistari, anayekuja kwa kulia na mtoto anayevuka wanaonana kupitia pengo ulilowaachia. Aguse breki mapema, mara mbili tatu, ili taa za nyuma ziseme kabla gari halijasema. Atoe mkono wa kulia dirishani, kiganja kikitazama chini, aupandishe na kuushusha taratibu: ishara ya zamani ya kupunguza mwendo, ambayo bodaboda wa nyuma anaiona hata kama taa zako zimekufa. Atazame kioo cha kulia kabla mtoto hajafika katikati. Akiona pikipiki inakuja, honi ndefu wakati huo ni halali, lakini ielekezwe kwa pikipiki kwa mkono ule ule ulio nje.

Kuna kitu kimoja asifanye, na hiki ndicho wema wetu unachokosea zaidi.

Asimpungie mtoto mkono apite.

"Pita, dogo!" Konda naye anaitikia, "Pita, pita!" Mtoto aliyelelewa vizuri hutii mkubwa. Anaacha kutazama barabara, anakutazama wewe, na anaondoka kwa amri yako. Umemwahidi njia usiyoimiliki. Unaweza kusema juu ya tairi zako tu. Za wenzako hujui. Taa fulu ni mbaya zaidi, kwa kuwa hapa kwetu taa hiyo hiyo inasema "pita" na pia "nipishe, sisimami". Simama, tulia, weka gari breki ya mkono, na umwache mtoto aamue kwa macho yake.

## Baiskeli yenyewe

Tunabishana juu ya kushuka kana kwamba kusimama kunawezekana.

Baiskeli nyingi wanazopanda watoto ni za baba, mjomba au kaka. Breki zake ni za vyuma, mpira umekwisha, na mara nyingi ya mbele imefunguliwa na fundi kwa maelezo kwamba "itamwangusha". Inabaki ya nyuma, au inabaki ndala: mtoto anaukanyaga mpira wa tairi la nyuma kwa soli ya kandambili. Kwa mwendo wa kilomita 12, breki nzima inasimamisha ndani ya mita 5, ukihesabu na sekunde moja ya kushtuka. Ndala inahitaji kama mita 9, na zaidi tairi likiwa na umande.

Kipimo cha nyumbani hakihitaji fundi. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kunyanyuka. Bana ya nyuma, sukuma: tairi liburuzike, lisizunguke. Mkono wa breki ukibanwa mpaka mwisho ubakize nafasi ya vidole viwili kabla ya kugusa usukani. Mpira wa breki ukae milimita 1 au 2 kutoka kwenye rimu, pande zote mbili. Ukigusa tairi badala ya rimu, utalitoboa. Ukiwa umekauka na kung'aa kama kioo, usugue kwa msasa, au nunua mwingine. Ni kitu cha bei ndogo kuliko tairi.

Urefu sasa. Mtoto asimame juu ya bomba la fremu, miguu yote miwili chini, na kubaki na nafasi ya vidole viwili. Akiwa kwenye kiti, sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili iguse ardhi. Asipofikia hayo, baiskeli hiyo si ya kuvukia barabara, hata kama anaiweza mtaani kwa ufundi wa kupitisha mguu kwenye fremu. Najua ni familia chache zenye chaguo hilo. Shinyanga au Tabora, baiskeli moja ni usafiri wa nyumba nzima, na shule iko mbali. Basi angalau breki zote mbili zifanye kazi, na kiti kishushwe mpaka mwisho.

Mwanga ni jambo fupi. Kwa taa za chini, mtoto wa sare nyeusi au buluu huonekana akiwa mita 30 hivi tu. Mwenye kitambaa kinachong'aa huonekana mbali zaidi ya mita 100. Kipande cha sentimita chache kwenye pedeli kinashinda fulana nzima, kwa sababu kinapanda na kushuka, na jicho la binadamu linajua papo hapo kwamba hiyo ni baiskeli.

## Kushuka kunafundishwaje

Turudi kwenye nusu ya kweli ya lile swali.

Kushuka kuna faida, na faida yake si ya kisheria. Mtoto aliyeshuka anarudi kwenye mita 4 ambazo dereva anazitazama. Anaonekana kwa sekunde 3 kwa kila njia badala ya moja. Hana pedeli ya kuhangaika nayo. Anaweza kurudi nyuma hatua moja, jambo ambalo baiskeli haiwezi.

Lakini amri ya "ukifika zebra shuka" inafeli, kwa sababu inaanzia mahali pabaya. Akifika zebra amechelewa. Somo linaanza mita 10 nyuma, kwenye kitu kinachoonekana: nguzo ya umeme, mwembe, bango la vocha. Hapo ndipo anapobana breki, kila siku, hata kama barabara ni tupu. Anasimama gurudumu la mbele likiwa mita moja kabla ya lami. Hilo la mita moja lina sababu: anayekokota baiskeli, macho yake yako nyuma ya gurudumu la mbele kwa karibu mita nzima. Akisogea mpaka macho yaone barabara kupita gari lililoegeshwa, gurudumu tayari liko njiani.

Anashuka kwa kushoto. Mikono yote miwili kwenye usukani, vidole juu ya breki. Anatazama kulia, kushoto, kulia tena, kama tulivyofundishwa sote. Kisha kushoto mara nyingine, kwa heshima ya bodaboda wanaokuja upande usio wao. Gari likisimama, asitazame uso wa dereva. Atazame tairi. Tairi lisipozunguka, gari limesimama. Uso unaweza kucheka huku gari linatembea. Akifika mwisho wa ubavu wa gari lililosimama, anasimama tena na kuchungulia kabla ya kuingia njia ya pili.

Yafanyeni mara kumi pamoja, mzazi akikokota na mtoto akikokota, kabla ya kumwachia. Na kwa aliye chini ya miaka 10, kwenye barabara kubwa, jibu langu ni fupi: avushwe.

## Mzigo ni wa nani

Hapa ndipo niligota kwa muda mrefu. Kila nilipoiandika hiyo aya ya kushuka, niliona namna itakavyotumika: dereva atakayegonga ataishika kama ngao. "Alitakiwa kushuka, hata wao wamesema."

Kilichonitoa ni kuitazama tena sheria ya Ujerumani niliyoitaja. Sheria ile ile inayomtaka mtoto ashuke, kifungu cha jirani, inamtaka dereva anapokuwa karibu na watoto apunguze mwendo na awe tayari kufunga breki kiasi kwamba hatari kwao isiwepo kabisa. Hailegezi hapo kwa kuwa mtoto alikosea. Inachukulia kwamba atakosea. Na sheria yao ya madai, tangu 2002, haimdai fidia mtoto aliye chini ya miaka 10 kwa ajali aliyoisababisha na gari kwa kutokusudia. Uholanzi, mtoto wa chini ya miaka 14 akigongwa akiwa kwa miguu au kwenye baiskeli, mwenye gari hulipa hasara yote, isipokuwa kama mtoto alikusudia au alifanya jambo lililo karibu sana na kukusudia. Huko wamelipanga hivyo kwa kuwa anayeleta tani moja na nusu ya chuma barabarani ndiye anayelazimika kuwa na bima.

Kumbe mafundisho mawili yanaweza kukaa nyumba moja bila moja kulifuta jingine. Kushuka ni somo la mzazi kwa mtoto. Dereva hahusiki nalo. Yeye ana lake, linaloanza mita 60 kabla ya zebra: mguu unatoka kwenye mafuta na kukaa juu ya breki bila kuikanyaga, mwendo unateremka hadi 30, macho yanatanuka kutoka mita 4 hadi 12 kila upande, na chini ya daladala iliyosimama anatafuta magurudumu membamba. Akimwona mtoto mmoja akivuka, amsubiri wa pili, maana watoto wa baiskeli huenda kwa kufuatana. Mwenye lori la kichwa kirefu aongeze moja: mtoto aliyesimama hatua moja mbele ya bampa haonekani kabisa kutoka kitini, kwa hiyo baada ya kusimama asiondoke mpaka amemhesabu kila aliyeingia na kila aliyetoka.

## Rangi, tuta na jiwe

Dereva mmoja akifanya hayo, wa nyuma yake hatafanya. Kinachowapunguza wote ni zege.

Dar es Salaam ina mfano wake. Shirika la Amend lilianza kupima njia za shule za msingi moja baada ya nyingine na kurekebisha kilichokuwa kinaumiza: matuta, zebra, njia za miguu, nguzo fupi za kuzuia magari kupanda pembeni, alama, na mahali pengine kuhamisha geti la shule lisifunguke kwenye barabara yenye magari mengi. Mpango huo, SARSAI, ulipata tuzo ya Ross ya miji, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute (WRI), mwaka 2019. Hakuna teknolojia ya ajabu ndani yake. Kuhamisha geti ni kazi ya fundi mwashi.

Ila kwa wa baiskeli, michoro hiyo inahitaji jicho la ziada. Zebra iliyoinuliwa juu ya tuta bapa, sentimita 7 hadi 10, inapunguza magari vizuri sana. Lakini ikilingana na njia ya miguu, mtoto anapita bila hata kuhisi kwamba ameingia barabarani. Tuta lililowekwa kwa ajili ya gari limemlainishia yeye. Panahitajika nguzo mbili zilizopishana kabla ya lami, nafasi ya mita 1.5 kati yake ili kiti cha magurudumu kipite, na baiskeli ilazimike kukunja kona na kupoteza mwendo.

Kisiwa cha katikati nacho. Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa karibu mita 1.8. Kisiwa cha mita 1.2 kinamtosha mtembeaji. Mwenye baiskeli atasimama hapo gurudumu la nyuma likiwa bado kwenye njia ya magari. Kiwe mita 2 au zaidi. Kwenye Morogoro Road, ambako tangu 2016 mtoto anavuka magari ya kawaida, kisha njia za mabasi ya mwendokasi, kisha magari ya kawaida tena, hizo sentimita ndizo zinazoamua kama atasubiri katikati au atakimbia yote kwa mkupuo mmoja.

Kituo cha daladala kikae baada ya zebra, kamwe kisiwe kabla yake. Hili halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kuchungulia mbele ya Hiace iliyosimama.

Na kuna kitu kidogo ambacho sijakiona kwenye mchoro wowote. Mtoto wa Phoenix ya baba hapandi kutoka chini. Anahitaji jiwe, ngazi, au mbio za hatua tano akisukuma kisha kudandia. Upande aliotoka, nyumbani, jiwe lipo, analijua. Ng'ambo ya zebra kuna mtaro na geti la shule, hakuna pa kukanyagia. Akishuka, hatapanda tena. Atakokota mpaka darasani na kufika amechelewa, na anajua kinachowapata wanaochelewa. Kwa hiyo hashuki.

Tofali mbili za zege, zimelazwa na kujengewa, sentimita 30 kutoka ardhini, mita 3 kutoka ukingo wa lami, pande zote mbili za zebra.